Hicho Ulichobeba

Kolab alibakiwa na kazi moja tu jioni ile. Aende akalione lile duara kwa macho yake, alipige picha, kisha ashuke mlima arudi mjini Siem Reap kwa mumewe. Haraka haraka, alijiambia. Mwanga bado upo.

Duara hilo lilikuwa likimnyima usingizi tangu kiangazi. Helikopta ilikuwa imepita juu ya msitu wa mlima Kulen, huko Kambodia, ikienda na kurudi kama mkulima anayepiga matuta, na mashine iliyofungwa tumboni mwake ikawa inamimina mionzi ya leza. Mionzi mingi iligonga majani ikarudi. Michache ilipenya, ikafika chini. Kompyuta za ofisi yao ya mambo ya kale zikaitupa ile ya majani, zikabakiza ile ya ardhini peke yake, na Kolab akauona mlima wa mababu zake ukiwa hauna hata mti mmoja. Barabara za wafalme wa kale. Mabwawa ya mraba. Misingi ya mahekalu ambayo hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuiona.

Na upande wa mashariki, mbali na vyote, kilima kidogo. Juu yake kitu cha pembe nne, kama kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Na kukizunguka kilima, njia.

Njia nyembamba, iliyochimbika kwa kukanyagwa. Haikutoka popote.

Ilizunguka tu.

"Ng'ombe huyo," bosi wake alisema. "Amefungwa kamba akawa anazunguka."

"Ng'ombe gani, bosi, ndani ya msitu ule?"

"Basi mfereji wa hekalu. Nenda ukaangalie kabla wenye mashamba ya korosho hawajafika na matingatinga yao. Wakishapita wao, hutakuta kitu."

Ndiyo maana Kolab alikuwa pale, nyuma ya pikipiki ya Vuthea, mwenzake wa kazi, mkono mmoja ukishika kiti na mwingine ukilinda tumbo. Tumbo lenyewe halijaonekana. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika mwaka uliopita, na safari hii alikuwa hajamwambia mtu zaidi ya Visal, mumewe, na daktari. Daktari alimwonyesha kwenye kioo cha mashine: mmoja, mzima, moyo unakimbia vizuri. Kolab alijua ofisini wakisikia tu, watamkalisha kwenye kiti hadi ajifungue.

Kijijini walimkuta Babu Huot barazani, anakula wali na samaki wa kuchachushwa. Vuthea alikuwa amekwisha kumbembeleza mzee huyu mara kadhaa awaongoze hadi kwenye kile kilima. Jibu lilikuwa lile lile kila mara: kule hakuna kitu, nendeni kwenu.

"Huyu babu usimwone hivi," Vuthea alimnong'oneza Kolab wakivua viatu. "Vita vyote vimempita. Risasi zilikuwa zinamkwepa. Siku moja walikuwa wanaongozana watatu. Wa mbele akakanyaga bomu. Wa nyuma naye akakanyaga lake. Yeye wa katikati akafika nyumbani akaomba wali."

"Wewe nawe kwa kutia chumvi!"

"Uliza kijiji kizima, dada. Hata mbu hamumi."

Kolab alimtazama yule mzee. Alikuwa mwembamba, ngozi imekaza, hana kovu hata moja. Shingoni alikuwa na uzi mweusi ulioshuka ukapotelea ndani ya shati. Kabla ya kila tonge lake, alifinyanga tonge dogo sana, akaliweka juu ya jani kando yake. La mizimu ya nyumba, Kolab aliwaza. Bibi yake naye alikuwa hivyo.

"Shikamoo, babu. Tumekuja tena kukusumbua."

Babu Huot akainua macho. Hakumtazama usoni. Alitazama chini ya kifua, akatulia pale, kama mtu anayesikiliza. Mkono wake ukaenda kwenye kile kilichoning'inia ndani ya shati. Ukakipapasa.

Kisha akatabasamu.

"Wewe nitakupeleka, mwanangu."

* * *

Mnyororo wa pikipiki ulikatika walipomaliza mikorosho na kuingia msituni. Vuthea alitukana, akapiga magoti kwenye mchanga, akaanza kutafuta vyuma vyake.

"Tangulieni. Sio mbali. Njia ya hapa ilishasafishwa na wateguzi, hakuna mabomu. Ila ng'ambo ya kilima kuna vibao vyekundu vyenye fuvu. Dada Kolab, nakuomba. Usivuke vile vibao hata ukiona hekalu la dhahabu."

"Mimi nimechoka kuishi?"

"Babu, mrudishe salama huyu. Mume wake ana mwili kama tembo, sitaki kesi naye."

Babu Huot alicheka bila sauti, akashika njia.

Wingu la mvua lilikuwa limefunika mlima. Chini ya miti kulikuwa na kiza cha kijani, hewa nzito. Ruba walisimama juu ya majani, wakinyoosha vichwa kuelekea miguu ya Kolab. Wawili walimpanda. Kwa mzee walipofika, walijikunja wakarudi nyuma.

Kolab aliliona hilo. Akajilazimisha kutolitia maanani.

"Mwanangu," mzee alisema bila kugeuka, "naona unapumua kwa taabu."

"Kilima tu, babu."

"Hicho ulichobeba, unanipa?"

Sauti ilikuwa ya upole. Kolab aliushusha mkoba begani, wenye kamera na chupa ya maji, akafurahi kupumzika.

"Nakupa, babu. Asante sana."

"Umenipa kwa moyo wako?"

"Kwa moyo wangu wote!" Kolab alisema huku akicheka.

Mzee akaupokea mkoba. Akautundika begani bila kuuangalia. Midomo yake ilikuwa inatikisika, kama anasema na mtu mdogo aliye karibu na kidevu chake.

Ndipo nyenje wakanyamaza.

Wote. Kwa mara moja.

Na harufu ikaja. Moshi... makaa... na kitu kingine juu ya makaa, kama nyama iliyokaushwa siku nyingi. Kolab aliijua harufu ya makaa yale. Kwao, mama akijifungua hulazwa juu ya kitanda cha mianzi na makaa huwekwa mvunguni, mwili upate kurudi. Aliinusa alipozaliwa mdogo wake. Harufu ya nyumba yenye mzazi.

"Babu, kuna watu wanaishi huku?"

Babu Huot aliendelea kutembea. Miti ilikuwa imeachana mbele yao, na kilima kilikuwa pale.

Na duara lilikuwa pale.

Mfereji wa nyayo, udongo wake umeng'aa kwa kukanyagwa, hakuna hata jani lililoangukia ndani. Juu ya kilima kilisimama kibanda cha mianzi juu ya nguzo nne. Chini ya sakafu, makaa mekundu.

Kolab alitafuta neno la kitaalamu la kujipa. Hakulipata.

Kisha akasikia.

Cha... cha... cha...

Miguu mitupu. Upande wa pili wa kilima. Ikija taratibu, kwa mwendo wa mtu aliyekwisha kuzoea.

"Babu..."

"Simama hapo hapo, mwanangu. Usitoke kwenye njia."

Kolab alitazama chini. Alikuwa amesimama ndani ya mfereji. Hakukumbuka kuingia. Mzee alibaki nje, mkono wake mmoja umeshika uzi wa shingoni.

Cha... cha... cha...

Mwanamke akatokeza.

Alikuwa kijana. Huenda mdogo kuliko Kolab. Nywele zilikuwa zimemganda usoni kwa jasho. Amevaa nguo ya kufunga kiunoni, nyeusi kwa kulowa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekandamiza tumbo, kama mtu anayeshikilia mlango usifunguke. Alitembea hadi mbele ya Kolab, akasimama. Joto la makaa lilitoka mwilini mwake.

Hakuwa akimtazama Kolab. Alimtazama mzee.

"Umezeeka," alisema.

Sauti ya kawaida kabisa. Hiyo ndiyo iliyomtisha Kolab.

"Nimekuletea," Babu Huot alinong'ona.  "Nimekuletea mwingine, Chanmony. Huyu hapa anaye. Chukua huyu. Uniachie huyu wangu. Miaka yote hii unazunguka, ukizunguka naye analia, usiku silali..."

"Mwingine?"

"Amenipa mwenyewe! Nimemuuliza, akakubali kwa mdomo wake. Kama wewe ulivyokubali. Nilikuuliza, ukakubali!"

Mwanamke aliinamisha kichwa. Alionekana kama anatafuta jambo la zamani sana.

"Tulikuwa tumelala," alisema. "Uliniuliza, mtoto huyu ni wa nani. Nikasema wako. Ukauliza, umenipa? Nikasema nimekupa. Nilikuwa nacheka, Huot. Wewe ni mume wangu. Ningesema ni wa nani?"

Mzee alirudi nyuma hatua moja.

"Asubuhi ukanoa kisu."

 Alikuwa amewahi kuyasikia, kila mtu wa nchi yake ameyasikia, yale ya askari wa zamani na hirizi inayoshinda hirizi zote. Mtoto aliyetolewa kabla ya siku zake. Aliyekaushwa kwa moshi. Anayevaliwa kifuani, analishwa, anaitwa mwanangu, na yeye humwambia baba yake risasi inakotoka. Lakini hirizi hiyo haikubali mpaka mama aseme kwa kinywa chake kwamba ametoa. Kolab alidhani ni hadithi za kutishia watoto.

"Nilikupa mkoba!" alipiga kelele. Sauti ikamtoka nyembamba. "Mkoba, babu! Nilikupa mkoba!"

"Ulisema nakupa," mzee alijibu. Hakumtazama. "Nilikuuliza ulichobeba, ukasema kwa moyo wako wote. Neno limetoka, mwanangu. Haliwezi kurudi."

Mwanamke aligeuka. Sasa alikuwa anamtazama Kolab, na macho yake yalikuwa mekundu, si ya hasira. Ya moshi. Akaunyoosha mkono wa kulia.

Kolab hakufikiria. Alifanya tu. Aliruka kutoka kwenye mfereji, akamwangukia yule mzee, vidole vyake vikashika uzi mweusi. Babu Huot alipiga ukelele kama wa kuku. Alimuuma Kolab mkono. Alimkwaruza. Kolab akavuta kwa uzito wake wote, kama anayeng'oa mhogo, na uzi ukakatika.

Kitu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa kilidondoka ndani ya njia.

Chepesi. Kikavu. Kilipoanguka kililia kama ganda la korosho.

Babu Huot alikitazama. Kisha akatazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma, kama haijui. Mbu mmoja alitua juu ya kiganja chake. Akamuuma.

Mzee akakimbia.

Alikimbilia upande usio wa kijiji, akakivuka kilima, akapita vibao vyekundu na mafuvu yake, haangalii anapokanyaga, kama alivyoishi maisha yake yote bila kuangalia anapokanyaga.

Mlio uliitikisa miti.

Udongo ukamnyeshea Kolab mgongoni. Halafu kimya. Halafu majani, moja moja, yakaendelea kudondoka.

Alipoinua kichwa, yule mwanamke alikuwa amekaa chini katikati ya njia. Alikuwa amefungua kitambaa. Alikuwa amekiweka kile kitu kifuani, kwenye titi, anakisogeza huku na huku, anakipangusa, anakibembeleza kwa sauti ndogo. Hakikunyonya. Hakikuwa na kitu cha kunyonyea.

Alijaribu kwa muda mrefu. Kolab alilia akimtazama. Hofu yote ilikuwa imemtoka, imebaki huruma nzito, na hilo baadaye ndilo lililomtisha kuliko yote.

Mwanamke akanyanyuka, akaja. Kolab hakukimbia. Kiganja kikatua chini ya kitovu chake. Kiganja cha moto.

"Humu kuna nafasi," mwanamke alisema.

Kolab alifungua mdomo.

"Utanibebea?"

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Machozi yalikuwa yanamdondoka, kidevu chake kinatetemeka, na hadi leo hajui kama kile kidevu kilitikisika kwa baridi... au kilikubali.

* * *

Vuthea alimkuta amekaa juu ya kilima, amelowa, mvua inapiga. Kibanda hakikuwepo. Kulikuwa na mashimo manne ya nguzo zilizooza zamani, na njia imejaa majani na maji. Mkoba ulikuwa umening'inia kwenye tawi. Wateguzi wa mabomu waliupata mwili wa mzee siku iliyofuata, ule uliowezekana kupatikana.

"Babu wa watu!" Vuthea alikuwa akirudia, analia kama mtoto. "Vita vyote vile, dada. Vyote! Halafu leo, wakati wa amani..."

Kolab alimwambia mzee alikimbia, basi. Ofisini bosi alisema kibanda kilikuwa cha wakata miti, kikaanguka kati ya siku ya helikopta na siku ya ukaguzi. Huko kijijini, dada yake Huot alisema Chanmony, mke wa kwanza wa kaka yake, alirudi kwa mama yake akiwa mjamzito wakati wa vita. Alirudi kwa mama yake, alirudia, na akafunga mlango.

Siku ya kliniki iliyofuata, Visal alimsindikiza. Daktari alipitisha mashine juu ya tumbo, akaipitisha tena.

"Hongera," alisema, akajikuna kichwa. "Ni wawili. Wakati mwingine mmoja hujificha nyuma ya mwenzake, ndiyo maana sikumwona mwanzoni."

Visal alicheka hadi wauguzi wakachungulia. Kolab aligeuza uso kuelekea ukutani.

Alizaa watoto wa kiume wawili, wazima, wanafanana kama pea moja ya viatu. Mama mkwe wake, Bibi Phan, alihamia kwao kumsaidia. Ni yeye aliyemwambia, siku moja wakikunja nguo za watoto:

"Waangalie wakilala. Mtoto akicheka usingizini, anachezeshwa na mama yake wa zamani, wa kule alikotoka. Usimwache acheke sana. Akimzoea, atamfuata."

"Na asiyecheka, mama?"

"Asiyecheka hana mwenyewe mwingine. Huyo ni wako mwenyewe."

Kuanzia hapo Kolab hakufanya jambo lingine. Walikuwa wanalala mchana kwenye bembea mbili za kamba, sebuleni, naye anakaa kwenye mkeka katikati, chakula kinapoa, simu za ofisini hazijibiwi. Anatazama uso huu. Anatazama ule. Alitaka kujua, na aliogopa kujua, maana alikuwa amekwisha kuwanyonyesha wote wawili na hakuweza tena kusema yupi ampende kidogo.

Siku zikapita. Hakuna aliyecheka.

Akaanza kupata amani. Akaanza kula.

Kisha mchana mmoja, mvua ikiwa imenyesha ikakatika, Bibi Phan yuko jikoni anakatakata vitunguu, Kolab alisikia kicheko kidogo upande wa kushoto.  Akageuka. Mtoto amefumba macho, anacheka na ufizi wake mtupu.

Na upande wa kulia, wa pili akamwitikia.

Walicheka pamoja. Vichwa vyao vilikuwa vimegeukia sehemu moja, karibu na mlango, ambapo hapakuwa na mtu.

Kolab alipiga magoti, akawashika miguu wote wawili, huyu kwa mkono huu, yule kwa mkono ule.

"Wangu," alinong'ona kuelekea mlangoni. "Wote wangu. Sikukupa. Sikusema neno."

Watoto wakaacha kucheka, wote kwa mara moja. Wakafumbua macho. Wakaanza kulia ile sauti ya kutaka kubebwa, mikono wameinyoosha.

Hawakuinyoosha kwake.